Masasi ya kuokota: anayeyajua ndiye asiyeyagusa

GOMA. Tangu mapigano ya mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kuna kitu ambacho mtu anaweza kukiokota karibu katika kila mtaa wa mji huu bila kukitafuta: maganda ya risasi. Yako kwenye mifereji ya Majengo, yamekwama katikati ya mawe ya volkano kule Ndosho, yamelala pembeni ya barabara ya Mugunga inayoelekea Sake. Mengi yalifukiwa na udongo mweusi, lakini mvua ikinyesha yanatokea tena. Watoto wanayaokota. Wengine wanayapuliza kama filimbi, wengine wanayapanga mchezoni kama askari, na wengine wanayakusanya katika makopo wakitumaini kuyauza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Na katikati ya maganda hayo matupu, mara kwa mara, limo moja ambalo si tupu.

Hapo ndipo lugha yenyewe inapotuponza. Kwa Kiswahili neno ni moja tu: risasi. Goma tunasema masasi, lakini maana ni ile ile. Madini mazito ya kijivu ni risasi. Kile kichwa kinachotoka kwenye mtutu na kumpata mtu ni risasi. Kile kitu kizima kabla hakijapigwa ni risasi, na ganda linaloruka pembeni baada ya kupigwa nalo pia ni risasi. Mtoto akirudi nyumbani na kusema, “Mama, nimeokota masasi,” mama hajui mtoto ameleta takataka au ameleta hatari. Hata mtoto mwenyewe hajui.

Basi ni vema kuvitenganisha. Risasi nzima, ambayo wengi hapa wanaiita kartushi, ina sehemu 4. Kuna ganda, ambalo ni la shaba ya njano au la chuma kilichopakwa rangi. Ndani ya ganda kuna baruti, punje ndogo ndogo zinazowaka kwa kasi kubwa. Kwenye kitako cha ganda, katikati, kuna kidude kidogo cha duara, ndicho kinachogongwa na pini ya bunduki ili kuwasha baruti. Na mbele kuna kichwa, kipande cha madini kilichochongoka. Bunduki ikilia, kichwa kinakwenda mbele na ganda linabaki nyuma. Kwa hiyo ganda lililopigwa liko wazi mdomoni kama kikombe, na kile kidude cha kitakoni kina kidimbwi pale kilipogongwa. Risasi ambayo bado ina kichwa chake haijafanya kazi yake. Inaisubiri.

Watu wa Goma wamejifunza habari za kichwa hicho bila kwenda shule. Kichwa cha AK-47, bunduki iliyoenea kuliko zote katika vita vya Kivu, kina uzito wa gramu 8 hivi, na kinatoka kwenye mtutu kwa mwendo wa mita 700 na zaidi kwa sekunde moja. Ni mara 2 ya mwendo wa sauti. Aliye karibu anapigwa kabla hajasikia mlio. Kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2 kabla ya kuanguka. Na nyumba nyingi za mji huu ni za mbao, kwa sababu juu ya mawe ya volkano mbao ndizo rahisi kujengea, na kwa sababu watu waliojenga tena baada ya moto wa Nyiragongo mwaka 2002 walijenga kwa kile walichoweza. Mbao hazizuii risasi. Siku zile za mwezi wa kwanza, familia zililala chini sakafuni, watoto chini ya vitanda, magodoro yakiwa yamesimamishwa ukutani. Hata hivyo wengine walipigwa wakiwa ndani. Hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ilipokea mamia ya majeruhi, na wengi kati yao walikuwa raia ambao hawakuwa na bunduki wala hawakuwa wanaenda popote.

Lakini kuna sehemu za dunia ambako risasi ni kitu cha kuchagua dukani, kama mtu anavyochagua mbegu za maharage. Marekani, Ufini, Uswisi na Afrika Kusini kuna wawindaji na washindani wa kulenga shabaha wanaojaza risasi zao wenyewe, mezani nyumbani. Wanachukua ganda la shaba lililokwisha kutumika, wanalisafisha, wanalipima, wanaweka kidude kipya kitakoni, wanamimina baruti iliyopimwa kwa mizani ndogo kama ya sonara, halafu wanasukuma kichwa kipya mdomoni. Kwao hiyo ni kazi ya jioni, sawa na mtu mwingine anavyotengeneza redio au kushona viatu.

Anayeanza kazi hiyo huwa na swali moja kubwa: achague kichwa gani? Kwa bunduki za kipimo kimoja tu, vichwa vinaweza kuwa vyepesi vya gramu 7 au vizito vya gramu 14. Wao hawahesabu kwa gramu, wanahesabu kwa punje, kipimo cha kale kilichotokana na punje ya shayiri. Punje 15 na nusu hivi ni gramu 1. Kichwa kizito kinahitaji mtutu ambao mikunjo yake ya ndani inakizungusha kwa haraka zaidi, la sivyo kinayumba njiani. Kichwa cha kulenga shabaha kinatafutiwa usawa. Kila kimoja kiwe na uzito sawa na mwenzake. Kichwa cha kuwinda kinatengenezwa kifunguke kikiingia kwenye mwili wa mnyama, ili mnyama afe upesi na asikimbie na jeraha siku mbili porini. Mashauri wanayompa anayeanza ni mepesi: chagua kwanza kazi, ndipo uchague kichwa, anza na cha uzito wa katikati, nunua kwa mtengenezaji anayejulikana, fuata kitabu chenye vipimo vilivyojaribiwa, usikisie.

Kichwa kinachofunguka mwilini, kile cha wawindaji, kilikatazwa vitani kwa tamko la The Hague la mwaka 1899. Ndiyo maana risasi za majeshi zimevikwa koti gumu la madini kutoka ncha hadi nyuma. Nia ilikuwa kupunguza mateso ya askari. Lakini kichwa chenye koti gumu kina tabia yake: hakisimami kwa urahisi. Kinapita kwenye ubao wa kwanza, kinapita chumbani, kinatoka kwenye ubao wa pili na kuingia kwa jirani. Waliokaa mezani The Hague walikuwa wakifikiria uwanja wa vita. Hawakuwa wakifikiria Katoyi wala Mabanga, ambako nyumba zinagusana.

Katika kanuni zote za hao wajazaji, iko moja ambayo familia za Goma zinapaswa kuisikia. Mjazaji mwenye mizani, kitabu, miwani ya kulinda macho na uzoefu wa miaka 30 hatumii risasi aliyoiokota chini. Hajui imejazwa na nani. Hajui ni baruti gani iliyomo. Hajui kama ililowa, ikapata kutu, ikakanyagwa na gari, au iligongwa na pini ya bunduki ikakataa kulia. Zaidi ya hayo, maganda mengi ya AK ni ya chuma, na kitako chake kimetobolewa matundu mawili madogo ambayo ni taabu kuyajaza upya. Wajazaji wengi hawajisumbui nayo. Kwa maneno mengine, watu wanaoipenda kazi hii kuliko wote duniani, wangepita barabara ya Sake, wangeyaacha masasi yetu palepale yalipo.

Mtoto wa miaka 12 hayaachi.

Mama mmoja wa upande wa Sake alikaa Bulengo zaidi ya mwaka mmoja na watoto wake watano. Mwezi wa pili 2025, kambi zilipokuwa zinavunjwa, alifunga bashi, sufuria na bidoni mbili, akapandisha mzigo kwenye chukudu ya jirani, wakarudi kwa miguu. Nyumba aliikuta haina mabati. Shambani magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Alifunga bashi lile lile la Bulengo juu ya mbao zilizobaki, akaanza upya na jembe moja la kuazima. Shule ilikuwa haijafunguliwa. Mtoto wake wa pili, wa miaka 12, akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni na kopo la maziwa ya unga lililojaa.

Kijana huyo alikuwa amejipangia kazi yake vizuri. Jioni alikaa karibu na mbabula, penye mwanga wa makala, akachagua. Marefu huku, mafupi huku. Yale yaliyopata kutu aliyasugua na majivu. Na yale yenye vichwa aliyaweka peke yake, katika soksi kuukuu, kwa sababu yalikuwa mazito na alijua kwamba chuma kinanunuliwa kwa kilo. “Mama, hizi ndizo zitalipa,” alisema. Mama alikuwa anageuza sombe. Alimwona mtoto ametulia, hagombani na wadogo zake, anafanya kazi. Katika nyumba ambayo haina baba, mtoto anayefanya kazi ni baraka. Hakumwuliza.

Aliyeuliza ni mzee wa jirani, askari wa zamani wa siku za Mobutu, aliyekuja kuomba chumvi. Alisimama mlangoni, akaona soksi, akaona umbali kati ya soksi na moto. Hakupiga kelele. Alisema polepole, “Mama, ondoa watoto kwanza. Chumvi nitaomba kesho.”

Walipokuwa nje, kijana alijitetea. Alisema anazijua, zile zisizokuwa na kitu ndani anazitambua kwa kuzitikisa karibu na sikio. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, “Mwanangu, mimi nilibeba bunduki miaka 20. Nilijaza magazini usiku bila taa. Zile nilizopewa kwenye sanduku nilizishika. Hizo zako, mimi sizishiki.”

Maneno hayo yana uzito kuliko mahubiri mengi. Mtu ambaye hajui risasi anaiona kama kipande cha chuma. Anayezijua kidogo anadhani anaweza kuzitambua kwa kuzitikisa. Anayezijua kweli anaondoka.

Moto unafanya nini kwa risasi nzima? Ndani ya bunduki, ganda limebanwa na chuma kinene pande zote, na nguvu yote ya baruti inasukuma kichwa mbele. Nje ya bunduki hakuna kinachobana. Joto likifika kwenye baruti, ganda lenyewe linapasuka, na vipande vyake vinaruka kila upande pamoja na kile kidude cha kitakoni. Kichwa hakiendi kwa nguvu ile ya mtutu, lakini kipande cha ganda kinatosha kutoboa jicho la mtoto aliyeinama kupuliza makala. Na si moto tu. Kidude cha kitakoni kimetengenezwa ili kiwake kikigongwa. Ndiyo kazi yake. Mtoto anayegonga kartushi kwa jiwe ili kuitoa kichwa anafanya kwa jiwe kile ambacho bunduki inafanya kwa pini. Risasi zenye rangi kwenye ncha zinaweza kuwa na dawa ya kuwaka ndani ya kichwa chenyewe.

Hatari nyingine ni ya mazoea. Mtoto aliyeokota maganda mia moja bila kuumia anaamini kwamba vyuma vya vita havina ubaya. Siku ya mia na moja anakutana na kitu kikubwa kidogo: guruneti, kichwa cha roketi, bomu la chokaa ambalo lilianguka kwenye udongo laini likakataa kupasuka. Mkono wake umeshazoea kuinama na kuokota. Hakuna mtu anayemfundisha pale kwamba hiki ni kingine.

Nchi hii ina historia chungu na hesabu ya risasi. Wakati wa utawala wa Leopold II, kati ya 1885 na 1908, askari wa Force Publique walidaiwa maelezo ya kila kartushi waliyotumia, na mikono ya watu iliyokatwa ililetwa kama ushahidi kwamba risasi haikupotea bure kwa kuwinda nyama. Risasi ilihesabiwa, mtu hakuhesabiwa. Leo mambo yamegeuka upande mwingine, lakini mtu wa chini yuko palepale. Risasi zimemwagwa mitaani bila hesabu yoyote. Waliozipiga wamesonga mbele, au wamerudi nyuma, au wamekufa. Anayebaki na kazi ya kuzihesabu, moja moja, jioni, ni mtoto mwenye kopo la maziwa.

Soksi ile haikuguswa tena usiku ule. Mama alimwagia makala maji kutoka mbali, akafunga mlango kwa kamba, wakalala kwa jirani wote sita. Asubuhi mkuu wa nyumba kumi alipelekewa habari, naye akaipeleka kwa chifu. Watu wanaoijua kazi hiyo walikuja siku ya tatu. Kwa siku mbili familia haikupika kwake. Sombe iliharibika. Ni hasara ndogo ukiiandika, lakini kwa mama aliyekuwa na sufuria moja ni hasara.

Kijana alikuwa na swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri. “Sasa nitauza nini?” Hakuwa anaokota kwa ukaidi. Alikuwa ameona jembe ni moja, midomo ni sita, na akafanya alichoweza kufanya. Mtu anaweza kuwaambia watoto “usiguse” kila asubuhi kanisani, msikitini na redioni, lakini kilo ya chuma ikiwa na bei na daftari likikosekana, wapo watakaogusa. Kwa hiyo neno hili linawahusu pia wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Anayeweka kwenye mizani kopo la mtoto bila kulitazama ndiye anayemtuma kesho kutafuta jingine. Wapo wanunuzi wanaokataa kabisa kitu chochote cha vita, hata ganda tupu, na hao wanastahili kusemwa vizuri mbele ya watu.

Kwa familia zinazorudi Sake, Masisi, Kibumba, Rugari na kwingineko, na kwa waliobaki Goma, mambo ya kushika ni machache.

Usimfundishe mtoto kutofautisha ganda tupu na risasi nzima ili achague. Maelezo yaliyo hapo juu ni ya mtu mzima, ili ajue ni nini kilicho mbele yake. Kwa mtoto neno ni moja: usiguse chochote cha vita, kiwe kidogo au kikubwa, kiwe cha njano au cha kutu.

Ukikiona shambani, simama. Rudi kwa njia ile ile uliyokujia. Usikirushie jiwe, usikiwashie moto, usikichimbe kwa jembe ili uone mwisho wake. Weka alama kwa mbali, jiwe au mti unaoonekana, uwaambie jirani na watoto wote. Siku ya salongo, kabla watu hawajaanza kufyeka, waulizane kwanza nani ameona nini na wapi.

Usikitupe ziwani wala chooni. Ziwa Kivu lina wavuvi na wanaooga, na choo kitachimbuliwa siku moja na mtu asiyejua. Toa habari kwa mkuu wa nyumba kumi, kwa chifu, au kwa wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, ili waliosomea kazi ya kuondoa vitu hivyo waitwe.

Kama tayari kimo ndani ya nyumba, usikibebe kukipeleka kwa chifu ili kumwonyesha. Zima moto, toa watu, funga mlango, mwite yeye aje. Na usimpige mtoto aliyekileta. Mtoto aliyepigwa atakificha cha pili chini ya kitanda, na hutajua.